Hedhi baada ya chanjo: walichosema wanawake na kilichopimwa

Februari 2021, Kate Clancy, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, aliandika kwenye Twitter kwamba tangu achanjwe dozi ya kwanza ya Uviko-19 hedhi yake imekuja kwa nguvu, damu nyingi kama alivyokuwa akipata alipokuwa kijana. Akauliza kama kuna mwingine aliyeona hivyo. Clancy si mtu wa kubahatisha katika jambo hili, maana kuchunguza hedhi ndiyo kazi yake. Majibu yakamiminika. Yeye na mwenzake Katharine Lee wakatayarisha dodoso, wakalifungua Aprili mwaka huohuo, na katika miezi michache zaidi ya watu laki moja walikuwa wamelijaza.

Uingereza nako taarifa zilikuwa zikirundikana. Mwanzoni mwa Septemba 2021, mfumo wa Kadi ya Njano, ambao hupokea taarifa za madhara ya dawa na chanjo nchini humo, ulikuwa umepokea zaidi ya taarifa 30,000 za mabadiliko ya hedhi na kutokwa damu kusiko kwa kawaida. Huku kwetu Afrika Mashariki hakukuwa na hesabu ya namna hiyo, ila maneno yalikuwapo. Saluni, kisimani, kwenye makundi ya WhatsApp ya kina mama, mtu alisema: tangu nichanjwe siku zangu zimevurugika. Mwingine akaongeza, na mimi pia. Wa tatu akamalizia kwa sauti ya chini kwamba ndiyo maana yake, wanatufunga kizazi.

Nina mambo mawili ya kusema kuhusu jambo hili, na nayasema mapema kwa sababu nimechoka kuona moja likisemwa bila la pili. Wanawake waliosema hedhi imebadilika walisema kweli. Na mabadiliko hayo si ugumba wala dalili ya ugumba. Wengi waliotaka kuitetea chanjo waliogopa sentensi ya kwanza, wakawaambia wanawake kwamba ni mawazo tu, ni presha ya maisha. Waliotaka kuipinga waliichukua sentensi hiyohiyo ya kwanza wakaifanya ushahidi dhidi ya ile ya pili. Katikati akabaki mwanamke mwenye pedi mkononi, hana wa kumuuliza.

Tuanze na mwili wenyewe, kwa kuwa hakuna chanjo itakayoeleweka kabla hedhi haijaeleweka.

Wengi tulifundishwa shuleni kwamba mzunguko ni siku 28. Siku 28 ni wastani tu, na wanawake wengi hawaupati mwezi baada ya mwezi. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi, FIGO, linahesabu mzunguko wa siku 24 hadi 38 kuwa wa kawaida, na damu kutoka hadi siku nane kuwa kawaida pia. Hata kwa mwanamke mmoja, mzunguko mrefu na mfupi katika mwaka unaweza kupishana kwa siku saba au zaidi bila kuwapo ugonjwa wowote. Mwezi huu siku 27, mwezi ujao 31, wa tatu 26: mwili uko salama.

Maagizo ya mzunguko huanzia ubongoni. Sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi hutoa ishara kwa tezi ya pituitari, nayo pituitari hutuma homoni zake hadi kwenye ovari. Ovari hukuza yai na kumwaga estrojeni, ambayo hunenepesha ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Yai likipevuka na kutoka, ovari huanza kutoa projesteroni ya kuutuliza ukuta huo usubiri mimba. Mimba isipotunga, projesteroni hushuka, ukuta hubomoka, damu hutoka.

Kuna jambo moja hapa ambalo lingepaswa kujulikana na kila binti. Nusu ya pili ya mzunguko, tangu yai litoke hadi damu ije, haibadiliki sana: huchukua takriban wiki mbili. Inayorefuka na kufupika ni nusu ya kwanza, wakati yai linapokuzwa. Ni kama daladala inayosubiri abiria stendi. Inaweza kukaa dakika kumi au saa nzima, lakini ikishaondoka muda wa njiani unajulikana. Mwanamke akiumwa malaria, akifiwa, akifunga kwa siku nyingi au akisafiri safari ndefu katika wiki zile za mwanzo, ubongo unaweza kuahirisha kulitoa yai. Hedhi nayo itachelewa kwa siku hizohizo. Ukuta wa mji wa mimba ukiwa umekaa muda mrefu zaidi ukinenepa, damu inaweza kuja nyingi zaidi.

Chanjo inaingia wapi? Chanjo hufanya kazi kwa kuamsha mfumo wa kinga. Mkono unaouma, homa ya usiku mmoja, uchovu wa siku mbili, yote hayo ni kinga ikiwa kazini, ikimwaga kemikali ziitwazo saitokini. Kemikali hizo husafiri na damu, na haipothalamasi huzitambua. Kwa muda mfupi inaweza kupunguza kasi ya ishara zake. Upande wa pili, ukuta wa mji wa mimba wenyewe umejaa chembe za kinga. Ndizo zinazosaidia kuubomoa kila mwezi na kuukarabati, na ndizo zinazochangia kuamua damu itoke kiasi gani na kwa siku ngapi. Ukiisisimua kinga ya mwili mzima, si ajabu chembe hizo nazo zikasisimka. Haya ndiyo maelezo yanayokubalika zaidi kwa sasa, ingawa kila hatua ya safari hiyo bado haijathibitishwa maabara.

Ugonjwa wenyewe wa Uviko-19 ulifanya hivyohivyo. Watafiti waliowafuatilia wanawake 177 waliougua katika mji wa Wuhan, China, waliona kwamba takriban robo yao walipata mabadiliko katika wingi wa damu ya hedhi, na zaidi kidogo ya robo walibadilikiwa na mzunguko.

Wala si jambo lililozaliwa na Uviko. Mwaka 1913, daktari mmoja wa Marekani alichapisha uchunguzi wake juu ya wanawake waliochanjwa homa ya matumbo, akaeleza kwamba zaidi ya nusu yao walipata mabadiliko fulani ya hedhi: ikawahi, ikachelewa, ikaruka mwezi, ikauma au ikazidi. Zaidi ya miaka mia moja imepita tangu hapo. Kwa muda wote huo, swali hili lingeweza kuongezwa katika majaribio ya chanjo kwa mistari miwili ya dodoso.

Halikuongezwa. Katika majaribio makubwa ya chanjo za Uviko-19 mwaka 2020, wanawake waliulizwa tarehe ya hedhi ya mwisho ili kuhakikisha hawana mimba, kisha waliulizwa kuhusu homa, kichwa, mkono, kichefuchefu na baridi. Hawakuulizwa kama hedhi iliyofuata ilikuja tofauti. Naliita kosa, na nalisema kama mtu anayeamini chanjo na anayewashauri wanawake wachanjwe. Watu wengi waliokuwa wakichanjwa wana mwili unaobadilika kila mwezi, na walioandaa majaribio hawakuuliza kuhusu mabadiliko hayo. Wanawake walipoyaona wenyewe nyumbani, hakuna muuguzi aliyekuwa na jibu, kwa sababu hakuna takwimu iliyokusanywa.

Takwimu zilianza kukusanywa baadaye. Agosti 2021 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitenga dola milioni 1.67 kwa taasisi tano kulichunguza suala hili. Mmoja wa waliopata fedha hizo ni Alison Edelman, daktari wa wanawake wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi cha Oregon, na njia aliyoitumia inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwani ndani yake ndimo tunapojifunza kutofautisha tetesi na ushahidi.

Dodoso la Clancy na Lee lilikuwa na thamani kubwa, lakini lina mpaka wake. Uchambuzi wao wa kwanza, uliochapishwa Julai 2022 katika jarida la Science Advances, ulihusu watu zaidi ya 39,000. Miongoni mwa wenye mzunguko wa kawaida, asilimia 42 walisema damu ilizidi na asilimia 44 walisema hakuna kilichobadilika. Mtu akisoma haraka atasema wanawake wanne kati ya kumi hupata damu nyingi baada ya chanjo. Siyo. Aliyeona mabadiliko ana hamu zaidi ya kujaza dodoso kuliko ambaye mwezi wake ulipita kimya. Watafiti wenyewe waliandika wazi kwamba namba zao hazipimi ukubwa wa tatizo katika jamii. Zinathibitisha kwamba jambo lipo, na zinaonyesha linawapata akina nani. Miongoni mwa walioshangazwa ni wale ambao hawakutarajia damu kabisa: waliotumia njia za uzazi wa mpango za muda mrefu zilizokata hedhi, na waliokwisha kukoma hedhi.

Edelman hakutegemea kumbukumbu. Alitumia programu ya simu ambayo wanawake walikuwa tayari wakiandika humo tarehe za hedhi zao mwezi kwa mwezi, hata kabla ya chanjo. Kwa hiyo alikuwa na mizunguko ya kabla, mzunguko wa chanjo, na ya baada. Jambo kubwa zaidi ni kwamba alikuwa pia na wanawake ambao hawakuchanjwa, waliofuatiliwa kwa muda uleule. Bila kundi hilo la kulinganisha huwezi kujua kama mwezi uliochelewa umechelewa kwa sababu ya sindano au kwa sababu miezi huchelewa. Utafiti wa kwanza, uliotoka Januari 2022, ulikuwa na wanawake 3,959 wa Marekani. Wa pili, Septemba mwaka huo, uliwafikia 19,622 kutoka nchi mbalimbali, wengi wao Uingereza, Marekani, Kanada na Ulaya.

Matokeo ya huo wa pili ni haya. Mzunguko uliopata dozi ya kwanza ulirefuka kwa wastani wa siku 0.71, na wa dozi ya pili kwa siku 0.56. Yaani chini ya siku moja. Idadi ya siku za kutoka damu haikubadilika kwa maana yoyote. Waliopata ongezeko au upungufu wa siku nane na zaidi walikuwa asilimia 6.2 ya waliochanjwa, na asilimia 5.0 ya wasiochanjwa. Tazama namba hizo mbili zikiwa pamoja. Kuna tofauti, ndiyo, lakini wanawake watano katika mia walivurugikiwa namna hiyo bila kuguswa na sindano.

Walioathirika zaidi ni waliopata dozi mbili ndani ya mzunguko mmoja. Kwao mzunguko ulirefuka kwa karibu siku nne, na mwezi uliofuata bado ulikuwa mrefu kidogo, ingawa pungufu ya siku moja. Waliopata dozi moja katika mzunguko walirudi walipokuwa mwezi uliofuata. Hili linaingia akilini ukikumbuka zile wiki za mwanzo: dozi zikipishana wiki tatu, mwanamke anaweza kuchanjwa siku za mwanzo wa mzunguko na tena kabla hedhi nyingine haijaja, na mwili ukasimamishwa mara mbili. Tafiti zilizofuata zimeonyesha hivyo waziwazi zaidi. Waliochanjwa kabla yai halijatoka ndio waliocheleweshwa. Waliochanjwa baada ya yai kutoka hawakuona tofauti.

Kwa Watanzania wengi chanjo ya kwanza ilikuwa ya Johnson & Johnson, ile ya dozi moja, iliyowasili Julai 2021 na ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani tarehe 28 ya mwezi huo. Katika utafiti mwingine wa Marekani uliotumia simu za Apple, chanjo hiyo iliurefusha mzunguko kwa takriban siku moja na robo, kisha ukarudi kawaida.

Kuhusu wingi wa damu, ushahidi mzuri ulitoka Norway, ambako Taasisi ya Afya ya Umma iliwauliza maelfu ya wanawake wa miaka 18 hadi 30 waliokuwa tayari wakifuatiliwa. Kabla ya dozi ya kwanza, asilimia 7.6 walisema hedhi yao ya mwisho ilikuwa nzito kuliko kawaida. Baada ya dozi hiyo, asilimia 13.6. Kwa dozi ya pili, kutoka 8.2 hadi 15.3. Karibu mara mbili. Haya si mawazo ya mtu. Utafiti huohuo una namba nyingine ninayoithamini zaidi: asilimia 37.8 ya wasichana hao walikuwa na tatizo lolote la hedhi katika mzunguko wa kabla ya kuchanjwa. Karibu wanne kati ya kumi. Hedhi ya kijana mwenye afya ina misukosuko yake hata pasipo sindano, na ndiyo maana hadithi ya mtu mmoja, hata ikiwa ya kweli kabisa, haiwezi kuonyesha chanzo.

Oktoba 2022 kamati ya usalama ya Wakala wa Dawa wa Ulaya ilipendekeza hedhi nzito iandikwe miongoni mwa madhara yanayoweza kutokea baada ya chanjo za Pfizer na Moderna. Ilichukua karibu miaka miwili tangu chanjo hizo zianze kutumika.

Kuna pengo katika tafiti hizi, nalo linatuhusu sisi. Edelman aliwachukua wenye mzunguko wa kawaida wasiotumia homoni. Wenye sindano ya miezi mitatu, vijiti au kitanzi cha homoni hawakuwamo. Wanawake wa Mwanza, Kisumu, Bukavu au Bujumbura pia hawakuwamo. Sina sababu ya kudhani kwamba miili yao ina kanuni nyingine. Lakini hedhi nzito kwa mwanamke ambaye tayari damu yake iko chini kwa sababu ya malaria, minyoo au lishe haina uzito ule ule ilio nao kwa mwanamke wa Oslo. Tafiti za hapa zilipaswa kufanyika, na chanjo zijazo zitatoa nafasi nyingine.

Sasa niliguse lile la kizazi, kwani ndilo linaloumiza.

Hedhi ndiyo dalili ya uzazi ambayo mwanamke huiona kwa macho yake mwenyewe. Yai halionekani, homoni hazionekani; damu inaonekana. Kwa hiyo damu ikibadilika, hofu huruka moja kwa moja hadi kwenye mtoto ambaye bado hajazaliwa. Na hofu hiyo ilikuta ardhi iliyokwisha kulimwa. Mwaka 2014 nchini Kenya, wanawake wa umri wa kuzaa walipokuwa wakichanjwa pepopunda, maaskofu wa Kanisa Katoliki walidai hadharani kwamba chanjo imechanganywa na homoni ya ujauzito ili wasizae. Wizara ya Afya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha, wakaeleza kwamba chanjo ni salama. Madai ya namna hiyo yalikuwa yamezunguka Mexico na Ufilipino tangu miaka ya 1990. Chanjo ile ilikuwa ya kumlinda mtoto mchanga asipate pepopunda kupitia kitovu, ugonjwa unaomkakamaza mtoto hadi kumuua mbele ya mama yake. Kila mama aliyekimbia sindano kwa kuogopa kukosa watoto alimwacha mtoto wake wa baadaye bila kinga hiyo.

Ushahidi kuhusu Uviko-19 na kushika mimba uko wazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston waliwafuatilia wanawake zaidi ya 2,000 wa Marekani na Kanada waliokuwa wakitafuta mtoto. Waliochanjwa na wasiochanjwa walishika mimba kwa kasi ileile, na chanjo ya mume pia haikuleta tofauti. Kilicholeta tofauti ni ugonjwa. Mume aliyeugua Uviko ndani ya siku 60 zilizotangulia alikuwa na uwezekano mdogo wa kumpa mke mimba, kwa muda mfupi. Mzunguko uliochelewa siku moja bado umetoa yai. Kuchelewa si kuzibwa.

Chanjo ya HPV nayo inahitaji maneno yake, kwa kuwa hutolewa shuleni na hugusa watoto wetu. Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na Kenya ikaanza Oktoba 2019 kwa wa miaka kumi. Huzuia virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, saratani ambayo huwaua wanawake wetu wengi wakiwa bado na watoto wa kulea. Utafiti wa DoRIS uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 ulisaidia kuonyesha kwamba dozi moja inatosha kuamsha kinga ya kudumu, na mwaka 2024 Tanzania ilihamia dozi moja.

Tazama umri huo: miaka 9 hadi 14. Ndio umri wa kuvunja ungo. Miaka miwili ya kwanza baada ya hedhi ya kwanza, mizunguko mingi hupita bila yai kutoka, kwa sababu ubongo na ovari bado vinazoeana. Binti hupata hedhi Januari, anakosa Februari na Machi, anapata ya siku kumi mwezi Aprili. Bibi zetu walilijua hili, na makungwi wakalieleza bila haraka. Leo binti huyohuyo amechanjwa darasani mwezi Februari, na mama ana haki ya kuuliza kama ni sindano. Lakini ni mpangilio wa tarehe. Ukiwachanja wasichana milioni katika umri ambao hedhi haijatulia, lazima maelfu watakosa hedhi mwezi unaofuata, kama ambavyo wangeikosa bila chanjo.

Japani ilijifunza hili kwa gharama kubwa. Juni 2013, baada ya taarifa za madhara mbalimbali kwa wasichana, serikali iliacha kuihimiza chanjo ya HPV. Idadi ya waliochanjwa ilianguka kutoka takriban asilimia 70 hadi chini ya asilimia moja. Jiji la Nagoya likawauliza wasichana wake kuhusu dalili 24, zikiwamo hedhi isiyo na mpangilio na damu isiyo ya kawaida. Karibu 30,000 walijibu, na dalili hizo hazikuonekana zaidi kwa waliochanjwa kuliko kwa wasiochanjwa. Serikali ilirudi kuihimiza Aprili 2022. Katika muda huo wa karibu miaka tisa, wasichana wengi walivuka umri wa kuchanjwa.

Basi mwanamke anayekwenda kuchanjwa, iwe ya Uviko au nyingine yoyote, aambiwe nini? Aambiwe kwamba hedhi inayofuata inaweza kuchelewa siku moja au mbili, au kuwa nzito kidogo, na kwamba mwezi mmoja au miwili baadaye itarudi. Maneno hayo yanamtosha nesi kuyasema huku akiandaa sindano. Yakisemwa kabla, ni maelezo. Yakisemwa baada ya mtu kulalamika, yanasikika kama kujitetea.

Anayepanga uzazi kwa kuhesabu kalenda ana sababu zaidi ya kuyajua. Yai likichelewa, siku za hatari nazo zinasogea, na kalenda ya mwezi uliopita haitamlinda. Mwezi wa chanjo atumie kinga nyingine pia. Mwislamu anayehesabu siku za twahara kwa ajili ya swala na funga, au aliye katika eda, atanufaika kuandika tarehe ya chanjo kando ya tarehe za hedhi ili akimuuliza daktari au shekhe awe na cha kuonyesha.

Kuna hali ambazo asizisingizie chanjo akakaa nyumbani. Pedi inayolowa kabisa kila saa kwa saa mbili au zaidi inahitaji hospitali siku hiyohiyo. Damu inayopita siku nane, au inayokuja na kizunguzungu na moyo kwenda mbio, inahitaji kupimwa na huenda vidonge vya kuongeza damu. Hedhi isiyokuja kwa aliyefanya tendo la ndoa inahitaji kipimo cha mimba kabla ya maelezo mengine yoyote. Mjamzito anayetokwa damu aende haraka, bila kusubiri asubuhi. Damu baada ya tendo la ndoa inahitaji uchunguzi wa mlango wa kizazi.

La mwisho katika hayo nalitilia mkazo wa pekee. Mwanamke aliyekoma hedhi kwa mwaka mmoja au zaidi, akiona damu, hata tone, aende kupimwa. Norway ilionyesha kwamba damu ya namna hiyo iliongezeka katika wiki zilizofuata chanjo hata kwa waliokoma hedhi, kwa hiyo huenda ni chanjo kweli. Lakini ndiyo dalili hiyohiyo ya saratani ya mji wa mimba na ya mlango wa kizazi, na kwa kuitazama tu hakuna daktari anayeweza kuzitofautisha. Nimeona kina mama wakikaa nayo miezi kwa aibu, kwa sababu mtu mzima hatarajiwi kuzungumza habari za damu.

Na aliyepata mabadiliko aripoti. Tanzania Bara taarifa hupokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na Kenya na Bodi ya Dawa na Sumu. Njia rahisi ni kupitia kituo kile kile alichochanjwa. Asiseme tu kwamba siku zimevurugika. Ataje tarehe ya hedhi ya mwisho kabla ya chanjo, jina la chanjo na siku aliyochomwa, tarehe ambayo damu ilikuja, imetoka siku ngapi, ametumia pedi ngapi kwa siku ukilinganisha na kawaida yake, na kama anatumia sindano, vijiti, vidonge au kitanzi. Nesi akijaribu kumwambia kwamba hilo haliandikwi, aombe liandikwe.